Megamania ya Atari 2600: kama unafukuzia skoa, gemu ni hii

Gemu za kupigana angani kwenye Atari 2600, ile konsoli ya zamani ya kuchezea gemu kwenye TV, ziko nyingi, Space Invaders, Asteroids, Demon Attack, zote nazipenda na zote bado nazicheza, ila mtu akiniuliza ipi ya kukaa nayo kwa ajili ya skoa tu namwambia Megamania, tena simuachii hata nafasi ya kubisha.

Kwa asiyeijua, ilitoka 1982, waliotoa ni Activision na aliyeitengeneza ni Steve Cartwright. Wale Activision walianza 1979, wakaanzishwa na watengenezaji gemu waliotoka Atari sababu kule walikuwa hawapewi sifa kwa kazi zao, ndo maana kwenye gemu za Activision za enzi hizo unalikuta jina la aliyeunda. Na hii Megamania inaonekana kabisa mtu aliweka jina lake kwa kujiamini, hakuna kitu kimewekwa ovyo ovyo.

Wanaokuja kukushambulia sio majini wa angani, ni baga, biskuti, wadudu, matairi, almasi, pasi za kupigia nguo, tai za kipepeo na mwisho dadu. Mawimbi manane, yani makundi manane yanayokuja kwa zamu, na wewe unawapiga risasi ukiwa kwenye chombo chako cha angani chini ya skrini. Inafurahisha kuona lakini msidanganyike na sura, kila kundi lina mwendo wake, wengine wanakatiza skrini kwa upande, wengine wanakuja wakishuka juu yako, na ukishazoea kukwepa hawa wanakuja wale inabidi uanze kufikiria upya.

Sasa kitu kinachoifanya iwe tamu ni ule mstari wa nishati chini ya skrini. Unapungua muda wote, upige usipige, ukiisha umekufa hata kama hakuna kitu kimekugusa. Alafu ukimaliza wimbi, nishati iliyobaki inageuzwa kuwa pointi. Yani gemu inakuambia wahi, na wakati huohuo inakuambia usikosee, maana chombo chako kinaweza kuwa na risasi moja tu hewani kwa wakati mmoja. Ukikosa, unasubiri ile risasi ipande hadi itoke juu ya skrini ndo upige nyingine, na nishati inazidi kuliwa. Ukimpiga aliye karibu risasi inaisha haraka na nyingine inatoka papo hapo. Ndo maana wanaojua wanawaacha washuke kidogo ndo wanaanza kuwafyeka kutoka chini, pa pa pa pa, wimbi linaisha na mstari bado umejaa zaidi ya nusu. Hiyo raha jamani siwezi kuielezea vizuri, mpaka uione mwenyewe zile pointi za nishati zinavyopanda.

Mahesabu yenyewe ni rahisi kukariri. Baga moja ni pointi 20, biskuti 30, inaongezeka kumi kumi hivyo hadi dadu ambayo ni 90. Ukimaliza mawimbi yote manane unarudi kwenye baga, ila sasa kila kitu ni 90 na mambo yanakuwa magumu zaidi. Kila pointi 10,000 unapewa chombo cha ziada. Kwahiyo mzunguko wa kwanza mi nauhesabu kama wa kujipanga, kazi yake ni kukupeleka wa pili ukiwa na vyombo vingi iwezekanavyo, huko ndo skoa inapotengenezwa. Ukifika wa pili na chombo kimoja umeshachelewa, anza tu upya.

Enzi zile ukifikisha 45,000 ulikuwa unapiga picha skrini ya TV unawatumia Activision kwa posta, wanakutumia beji ya kitambaa ya kushona kwenye nguo. Naona walipapima vizuri sana hapo, 45,000 huipati kwa bahati, lakini mtu wa kawaida akikomaa anafika. Na juu kabisa ni 999,999, ukigonga hapo gemu inaisha, hakuna kuzunguka kurudi sifuri. Hii naipenda mno kuliko Space Invaders ya konsoli hiyohiyo ambayo kaunta yake ina tarakimu nne tu, ukipita 9,999 inajirudisha sifuri na inabidi ukumbuke mwenyewe umezunguka mara ngapi, kwa mtu wa skoa hiyo ni kero.

Kasoro zipo. Ukishaingia mizunguko ya mbele hakuna sura mpya, ni walewale, asiyejali namba atachoka mapema na simlaumu. Na joistiki ya asili ya Atari ni ngumu, ukicheza muda mrefu kiganja kinauma kweli, ukipata ya aina nyingine inayokubali konsoli hiyo tumia. Wanaocheza kwenye emulata, yani programu inayoiga konsoli hiyo, nao waangalie TV zao, TV nyingi za kisasa zinachelewesha picha kidogo, zikiwa na modi ya gemu iwasheni, maana kwenye wimbi la dadu ucheleweshaji mdogo tu unakuua.

Kitu kingine ni aina ya risasi. Kuna ya kuongozwa, ukisogeza chombo na risasi inasogea nayo, na kuna ya kunyooka. Wengi wanasema ya kuongozwa ni rahisi, mi sikubali moja kwa moja. Ni kweli unaweza kuirekebisha ikiwa hewani ikampata adui aliyetaka kuponyoka, lakini ukilazimika kukwepa bomu risasi yako nayo inavutwa kando unamkosa uliyemlenga. Ya kunyooka unapiga alafu unaondoka zako, ila lazima ujue adui atakuwa wapi risasi ikifika. Mi nachezea ya kuongozwa, maana mawimbi yanakuwa laini zaidi kwangu, we jaribu zote. Cha muhimu mkianza kushindanisha skoa semeni mnachezea ipi, sababu 60,000 ya huku na 60,000 ya kule hazilingani hata kidogo.