Biodizeli ya jerikani: mashine ya posho imeipenda, lori bado

Kuna jamaa nje kidogo ya Jinja anayekusanya mafuta yaliyokwisha kukaangia chipsi na kuku hotelini. Anayapika na methanoli na kostiki soda, gliserini inatuama chini, anawauzia watengeneza sabuni. Kinachobaki juu ndiyo biodizeli, anaiuza kwa jerikani za lita 20. Jina lake silitaji, kwa kuwa mbele huko nina neno naye.

Mimi nachanganya jerikani moja ya kwake na nne za dizeli ya stesheni, yaani asilimia 20, ile wanayoiita B20. Inaingia kwenye mashine yangu ya posho hapa Busia ya Uganda, injini ya Lister ya zamani ya silinda moja, pampu ni chuma kitupu, hakuna kompyuta wala sensa. Inaingia pia kwenye Isuzu Elf inayonibebea viazi kutoka Kabale.

Nianze na moshi, maana ndio ulionifanya niitafute. Mahindi yakiwa mengi kinywani mwa mashine, injini inalemewa na kutema moshi mweusi tii, na jirani yangu ana kamba ya nguo upande ule ule. Moshi huo ni dizeli iliyokosa hewa. Nozeli inapopuliza mafuta ndani ya silinda, katikati ya ule mpulizo mafuta yamezidi oksijeni, kaboni haimalizi kuungua, inatoka masizi. Biodizeli inakuja na oksijeni yake ndani, karibu asilimia 11 ya uzito wake, ilhali dizeli ya stesheni haina. Sasa hivi hata nikijaza mahindi moshi unatoka wa kijivu, na harufu yake ni ya kibanda cha chipsi. Wateja wanaosubiri unga wanalalamika njaa.

Asubuhi nayo haigongi tena kama zamani. Fundi wangu, Mnubi wa Bombo asiyesifu kitu ovyo, alisimama kando ya injini akaniambia, "Mama, leo huyu mzee hajakohoa." Namba ya seteni, yaani kipimo cha wepesi wa mafuta kushika moto, kwa biodizeli kwa kawaida iko juu kidogo, kwa hiyo mafuta hayakai sana ndani ya silinda kabla ya kushika moto, na yakishika hayalipuki yote kwa pamoja.

Ila msidanganywe na anayesema kwamba haichafui hewa. Mwaka 2002 shirika la mazingira la Marekani, EPA, lilijumlisha vipimo vya injini kubwa za dizeli na kuona kwamba B20 inapunguza masizi kwa kama asilimia 10, monoksidi ya kaboni 11, na mafuta yasiyoungua 21. Oksaidi za nitrojeni zikapanda kama asilimia 2. Hizi huzioni kwa macho. Zinazaliwa joto la silinda linapounguza nitrojeni ya hewa yenyewe, na pampu za kizamani kama yangu zinachangia: biodizeli haibonyei kirahisi kama dizeli, msukumo unafika kwenye nozeli mapema kidogo, moto unawahi, joto linapanda. Fundi anaweza kurudisha nyuma taimingi, yaani wakati wa kupuliza mafuta, lakini ukiirudisha sana moshi mweusi nao unarudi.

Pesa sasa. Dizeli nilikuwa nainunua shilingi 5,000 kwa lita, yake 4,400. Ukishachanganya, lita inakutoka 4,880, umeokoa 120. Lakini biodizeli tupu ina nguvu pungufu kwa kama asilimia 8 kwa lita, kwa hiyo B20 inakula mafuta zaidi kwa asilimia moja na nusu hivi. Hapo shilingi 70 na kitu zimeondoka. Unabaki na kama 40 kwa lita, na bado hujalipa boda ya kuleta jerikani kutoka njia kuu. Anayetafuta utajiri humu atafute biashara nyingine.

Halafu kuna filta. Biodizeli inaosha tangi: uchafu uliolala humo miaka yote unang'oka na kukimbilia kwenye filta. Fundi aliweka ya akiba tangu mwanzo, akabadilisha na vipaipu vya mpira vya zamani, kwa sababu mafuta haya yanavilainisha mpaka vinavuja.

Neno langu na muuzaji ni hili: jerikani zake hazifanani. Mara ni njano safi, mara ni kahawia na ina ukungu. Siku hizi silipi kabla sijajaza nusu chupa kwa mafuta yake, nusu kwa maji, nikatikisa na kuiacha. Mazuri yanajitenga upesi, maji yanabaki karibu safi. Yale ya kahawia yaligeuka mtindi, kumbe sabuni inayozaliwa kwenye kupika haikuoshwa au mafuta hayakuiva. Nikamrudishia, akanuna, akabadilisha.

Kabale ndiko lori lilikoshindwa. Dereva alibeba jerikani ya biodizeli tupu ili achanganye njiani. Kule ni karibu mita 2,000 juu ya bahari, alfajiri akanipigia, "Mama, haya yameganda, chini kuna vipande vyeupe." Biodizeli iliyopikwa kwa mafuta ya mawese au ya wanyama inaanza kuganda kwenye baridi ambayo Busia hatuijui. Hakuyatia, akanunua dizeli ya huko. Siku hizi lori linapata B20 likiwa njia ya Busia na Kampala tu, na imeshachanganywa kabla ya kuondoka.

Wenye magari mapya ya komon reli, yale yanayopuliza dizeli kwa presha kubwa yakiongozwa na kompyuta, msinifuate, nozeli zile ni ghali mno kufanyiwa majaribio. Wala msimwage mafuta ya kukaangia yenyewe tangini, kama wanavyofanya wenye mashine kadhaa mjini hapa. Ni mazito zaidi ya mara 10 kuliko dizeli, hayapulizwi vizuri, kaboni inajenga kwenye ncha ya nozeli. Ni kweli, kwenye maonyesho ya Paris ya 1900 injini ya Rudolf Diesel iliwashwa kwa mafuta ya karanga. Kwa bei ya karanga za Soroti, mimi nitazila.

Nampa nyota tatu. Ya nne ataipata akianza kuandika kwenye jerikani tarehe aliyopika na aina ya mafuta, kwa sababu biodizeli ikikaa miezi mingi inachacha na kuvuta maji. Ya tano nimeishikilia mpaka nione leseni inayotakiwa na sheria ya Uganda ya biofueli ya 2020. Nikimuuliza habari zake, ananiuliza bei ya unga.