Owen Pallett: Uanze Kununua Albamu Ipi?

Kama pesa yako inatosha albamu moja tu ya Owen Pallett, chukua Heartland (2010). Nasema hivyo bila kusita, ingawa najua mashabiki wake wa zamani watasimama na albamu yake nyingine, He Poos Clouds.

Pallett ni Mkanada aliyesomea utunzi wa muziki Chuo Kikuu cha Toronto, na fidla yake imo pia kwenye Funeral, albamu ya bendi ya Arcade Fire. Jukwaani mara nyingi husimama peke yake: anapiga kipande kifupi, anabonyeza kifaa kwa mguu, kipande kinajirudia, anapachika kingine juu yake, na kingine tena, ndipo anaimba.

Kwenye Heartland kazi hiyo imepewa orkestra nzima, iliyorekodiwa Prague. Nyimbo 12 zinamfuata Lewis, mkulima mwenye imani kali na hasira za karibu, katika nchi ya kubuni iitwayo Spectrum. Lewis anamjua aliyemuumba, naye ni Owen mwenyewe, na ugomvi wao ndio roho ya albamu. Sikiliza Lewis Takes Off His Shirt: mwishoni anashikilia mstari mmoja, anaurudia na kuurudia, huku orkestra ikizidi kupanda. Sijasikia roki na muziki wa orkestra vikikaa pamoja vizuri kiasi hicho.

Ya pili ni Island (2020), iliyorekodiwa na London Contemporary Orchestra katika studio za Abbey Road. Lewis anarudi, safari hii kwa gitaa la taratibu na ukimya mwingi. Ni nzuri mno, lakini usiinunue kabla ya Heartland. Utakuwa umeingia kwenye hadithi katikati.

He Poos Clouds (2006) naiweka ya tatu. Jina lake, maana yake “Anakunya Mawingu”, lisikukimbize: ndiyo iliyoshinda Polaris, tuzo ya albamu bora ya Kanada, mwaka tuzo hiyo ilipoanzishwa. Imejengwa juu ya fidla mbili, viola na selo, na nyimbo zake nyingi zimetokana na aina za uchawi za mchezo wa mezani wa Dungeons & Dragons. Imebanana, inataka usikivu wako wote.

Angalizo unapotafuta: albamu hiyo na Has a Good Home (2005) zilitoka kwa jina la Final Fantasy, ambalo Pallett aliliacha kabla ya Heartland kutoka ili asichanganywe na mchezo maarufu wa video. Tafuta kwa jina la albamu, la sivyo utaletewa muziki wa mchezo huo.

In Conflict (2014), ambayo Brian Eno, mwanamuziki na mtayarishaji wa Uingereza, alishiriki, ni ya nne. Anayetoka kwenye muziki wa elektroniki ataingia kwa urahisi zaidi kupitia hapa, na The Riverbed ni wimbo mkali. Ila nyimbo zake zinajitegemea, kwa hiyo unaweza kununua mbili tatu unazozipenda ukaacha zingine. Has a Good Home ni ya mwisho, kwa aliyekwisha kunasa.

Ukinunua santuri iliyotumika, kuwa makini kuliko ukinunua roki ya kawaida. Muziki huu una sehemu tulivu nyingi, na mchubuko mdogo utausikia wote. Mwombe muuzaji akupigie sehemu hizo kabla hujalipa.