Jioni Nne za Hofu ya Wakomunisti: Tathmini ya Mihadhara ya Chumba cha Kusomea, Kirumba

Mwezi uliopita nililipa shilingi 20,000 ili kuhudhuria mihadhara minne iliyoandaliwa na chumba kimoja cha kusomea vitabu kilichopo Kirumba, jijini Mwanza, ambacho sitakitaja jina kwa sababu mapungufu nitakayoyaeleza yanarekebishika, na wahusika wamekwisha kuyasikia kutoka kinywani mwangu. Ada hiyo ilijumuisha chai ya maziwa, maandazi mawili kila jioni na kijitabu cha kurasa 30. Mada ilikuwa hofu ya ukomunisti iliyoikumba Marekani baada ya vita kuu mbili za dunia, na jinsi hofu hiyo ilivyobadilisha maisha ya watu wa kawaida.

Jioni ya kwanza iliharibika. Umeme ulikatika, jenereta ikachelewa kuwaka, na mhadhiri akalazimika kuzipitia habari za mwaka 1919 na 1920 kwa robo saa tu, ilhali ndizo zinazoeleza chimbuko la yote yaliyofuata. Tuliambiwa kwamba Mwanasheria Mkuu A. Mitchell Palmer, ambaye nyumba yake ilishambuliwa kwa bomu Juni 1919, aliamuru misako iliyowakamata maelfu ya wahamiaji, na kwamba Desemba mwaka huo meli iitwayo Buford iliwabeba watu 249 kuwapeleka Urusi, mwanaharakati Emma Goldman, aliyepinga mamlaka ya serikali, akiwa miongoni mwao. Hatukuelezwa jinsi homa ile ilivyoshuka. Palmer alikuwa ametabiri kwamba tarehe 1 Mei 1920 kungezuka mapinduzi. Siku ikafika, ikapita kwa utulivu, na watu wakaanza kumcheka. Mhadhara unaoruka jambo kama hilo unamnyima msikilizaji utamu wa kisa na pia maarifa.

Jioni ya pili ndiyo iliyonifanya nione kwamba fedha yangu haikupotea. Mhadhiri alianza na agizo la Rais Truman la Machi 1947, lililotaka watumishi wote wa serikali kuu wachunguzwe uaminifu wao, kisha akaonyesha jinsi uchunguzi huo ulivyotoka maofisini na kuingia mashuleni, viwandani na katika studio za filamu za Hollywood, ambako waandishi na waongozaji kumi waliokataa kujibu maswali ya kamati ya Bunge walifungwa jela na kunyimwa kazi. Alitueleza pia kuhusu Seneta Joseph McCarthy, ambaye Februari 1950 alidai kuwa na orodha ya watu 205 ndani ya Wizara ya Mambo ya Nje, na siku chache baadaye idadi hiyo ikawa 57. Hapo ukumbi ulicheka, lakini kicheko kilikufa pale tulipogawiwa karatasi.

Karatasi hizo zilikuwa na swali lile lile walilokuwa wakiulizwa watu mbele ya kamati: je, wewe ni, au umewahi kuwa, mwanachama wa Chama cha Kikomunisti? Chini yake palikuwa na nafasi ya kuandika majina ya watu watatu unaowafahamu. Hakuna aliyeandika. Mama mmoja aliyeketi nyuma yangu aliikunja karatasi yake, akaitia mkobani, na akasema kwa sauti ya chini kwamba hata kwa mchezo hawezi kuandika jina la mtu.

Mhadhiri aliendelea kuuita mkasa ule wote "uwindaji wa wachawi," akitafsiri msemo wa Wamarekani wenyewe. Mahali pengine tafsiri hiyo ingepita bila kugusa mtu. Usukumani haipiti. Hapa tunafahamu vikongwe waliouawa kwa sababu macho yao yalikuwa mekundu kwa moshi wa jikoni, na tunafahamu kwamba mtuhumiwa akikana anaambiwa ndivyo wachawi wanavyokana, na akinyamaza, ukimya wake unakuwa ushahidi. Mjadala uliozuka ulichukua karibu saa nzima, na ulikuwa bora kuliko mhadhara wenyewe. Kijana mmoja alisema kwamba Mmarekani aliyetumia haki yake ya kikatiba kukataa kujibu alihesabiwa kuwa amekiri, na kwamba huyo ni sawa kabisa na bibi wa kijijini kwao. Mzee mmoja alimpinga kwa upole: kijijini, alisema, mtuhumu huja usiku na panga, lakini kule walikuja mchana na faili lenye mhuri, na mwalimu aliyefukuzwa kazi mjini New York aliondolewa kwa mujibu wa sheria. Mimi nilikubaliana na mzee. Sheria iliyowalenga walimu wa jimbo lile ilipitishwa mwaka 1949, na Mahakama Kuu ya nchi haikuitangua hadi 1967.

Jioni ya tatu iliwahusu Paul Robeson, mwimbaji aliyenyang'anywa pasipoti kuanzia 1950 hadi 1958, na W. E. B. Du Bois, msomi na mtetezi wa haki za Wamarekani weusi, aliyeshtakiwa mwaka 1951 akiwa na umri wa zaidi ya miaka themanini, akaachiwa huru, na hatimaye akahamia Ghana, alikofariki mwaka 1963. Ilikuwa jioni nzuri, lakini kwa mhadhara unaotolewa Mwanza nilitarajia neno moja kuhusu Jimbo la Ziwa, ambako serikali ya kikoloni ilikataza shughuli za TANU kuanzia 1954 hadi 1958. Sidai kwamba katazo lile lilitokana na hofu ya Moscow. Nasema tu kwamba msikilizaji wa hapa angeielewa haraka zaidi nchi inayoogopa kadi ya chama.

Jioni ya mwisho ilieleza anguko la McCarthy, tangu alipogombana na jeshi mbele ya kamera za televisheni mwaka 1954 hadi Seneti ilipomkemea rasmi Desemba mwaka huo kwa kura 67 dhidi ya 22. Nililalamika, na bado nalalamika, kwamba majasusi wa kweli hawakutajwa hata mara moja. Mwanafizikia Klaus Fuchs alikiri mwaka 1950 kwamba aliwapa Wasovieti siri za bomu la atomiki. Hofu ile ilikuwa na punje ya ukweli ndani yake, na kuificha punje hiyo kunafanya Wamarekani wa wakati ule waonekane wajinga watupu, jambo ambalo halikuwa hivyo.

Kijitabu kimechapwa vizuri, ila "orodha nyeusi" imetumika kila ukurasa bila kuelezwa kwamba maana yake ni watu waliokuwa wakinyimwa kazi kimyakimya. Viti vya plastiki vinaumiza mgongo baada ya saa moja, na muziki wa baa ya jirani uliingia kupitia madirisha yaliyokosa vioo. Chai ilikuwa nzito na ya moto. Mfululizo unaofuata utaanza baada ya mavuno ya pamba. Nimekwisha kulipa, na nimeomba niwekewe kiti cha mbao kilichopo karibu na mlango.