Video ya kiwanja ilikuwepo kwenye simu muda wote: uzoefu wangu na Files by Google

Habari zenu wapendwa. Mwezi uliopita nimetafuta video moja kwenye simu yangu siku nne, usingizi sikupata vizuri, hela nusura nitoe, kumbe video iko kwenye simu hiyo hiyo naibeba kwenye mkoba kila siku. Kwa hiyo naomba niandike yote yalivyokua ili mwenye shida kama yangu asihangaike. Aplikesheni yenyewe ni Files by Google, ni ya bure na haina matangazo, simu nyingi za Android inakuja nayo dukani, na kama haipo unaichukua Play Store. Ilianza 2017 ikiitwa Files Go, mwaka uliofuata ikapewa hili jina la sasa, kwa hiyo ukimsikia mtu anataja Files Go jua ni hiyo hiyo. Simu yangu mimi ni ya kawaida, GB 64, ilikuja na Android 10 baadae ikajiapdeti ikawa 11, na hilo la kuapdeti mlikumbuke maana lina kazi huko mbele.

Asa stori yenyewe. Tarehe 13 mwezi wa nane 2022, Jumamosi, mimi na mume wangu tulikabidhiwa kiwanja chetu Chanika, 20 kwa 20. Mzee aliyetuuzia alitutembeza mpaka wote kwa miguu, mjumbe yupo, majirani wawili wapo, na shemeji yangu anarekodi kwa simu yake. Yule mzee hakua na maneno mengi. Akifika kona anasimama, anakanyaga chini kwa kisigino mara mbili, anasema "hapa", anaondoka kwenda kona nyingine. Kona ya mwisho kuna mnazi umeinama na nyuma yake mstari wa minyaa, akauweka mkono kwenye mnazi akasema "huu wako mwanangu, mpaka ni minyaa". Karatasi ya mauziano tunayo, ina vipimo, ina mashahidi na muhuri, ila mnazi haukuandikwa, nani angewaza kuandika mnazi.

Mzee amefariki, Mungu amrehemu. Upande wa minyaa akaja mtu mpya kununua, na mwaka huu tumeenda kuangalia kiwanja tukakuta minyaa imeng'olewa yote, msingi umechimbwa na mnazi wetu uko upande wake. Tukaenda serikali ya mtaa, mwenyekiti akatusikiliza vizuri, akasema Jumamosi njooni wote pande mbili na kila mwenye ushahidi aje nao. Njiani kwenye daladala mume wangu akanishika mkono akasema "si kuna ile video".

Nikafungua galari pale pale kwenye daladala. Nimeshuka mpaka 2022, mwezi wa nane, naona picha za kiwanja mbili tatu nilizopiga mwenyewe, video hakuna. Shemeji nikampigia, simu aliyorekodia alishaiuza na memori kadi yake ilikufa. Alichokumbuka ni kwamba alitutumia kwenye grupu la familia la WhatsApp, na ni kweli alituma, niliziangalia mwenyewe, ila chati za lile grupu nilishazifuta zamani maana meseji zilikua nyingi mno. Wengine kwenye grupu nao walishabadilisha simu. Nikawa nimeishiwa nguvu.

Kesho yake nikaenda Kariakoo kwa fundi mmoja. Akaishika simu dakika mbili, akaingia galari, akarudi nyuma, akaniambia "mama hii imeshafutika, tuirikaveri, elfu arobaini, simu ilale hapa". Nikamuuliza ana uhakika itapatikana, akasema tujaribu, ikigoma tutafomati tuone. Kufomati! Simu yenye kila kitu changu. Nilisema hapana nikachukua simu yangu. Na hili nalisema kwa uchungu kabisa, msikubali simu ifomatiwe eti kwa ajili ya kutafuta kitu, kufomati ni kufuta, siyo kutafuta. Na kama kitu kimefutika kweli, kila unachoingiza baada ya hapo kinaweza kuandikwa juu ya nafasi yake, kwa hiyo hata yale maprogramu ya kurikaveri ukiyarundika kwenye simu unaweza kua unajiharibia mwenyewe.

Aliyenisaidia ni mtoto wa dada yangu, anasoma chuo, tunakaa nae hapa Gongo la Mboto. Nilipomwelezea hata hakustuka. Akasema "Mamdogo, galari haitunzi kitu, inaonyesha tu. Na kuna vitu imekatazwa kuonyesha." Akanifungulia Files.

Alichonifundisha usiku ule nitakieleza kwa maneno yangu. Simu ina folda, na kila aplikesheni ina mahali pake inapoweka video. Ukirekodi kwa kamera ya simu, video inaingia folda inaitwa DCIM, ndani yake kuna nyingine inaitwa Camera. Kama kamera uliiseti ihifadhi kwenye memori kadi basi ni DCIM hiyo hiyo ila iko upande wa memori kadi, na watu wengi hua wanachanganyikiwa hapo, wanachomoa kadi wanaona video zao hazipo wanadhani wameibiwa. Ukipakua kitu kwa Chrome kinakaa Download. Instagram hua inaweka Movies. Zile za YouTube unazozihifadhi uangalie bila bando, hizo hauzikuti kama faili la kawaida, zinafunguka ndani ya YouTube yenyewe tu, kwa hiyo usipoteze muda kuzitafuta uzirushie mtu.

WhatsApp ndo penyewe. Zamani folda yake ilikua nje nje, unafungua hifadhi ya simu unaikuta imeandikwa WhatsApp, ndani Media, ndani WhatsApp Video. Kuanzia Android 11 ikahamishwa, sasa unaingia Android, halafu media, halafu com.whatsapp, halafu WhatsApp, halafu Media, ndo unaikuta WhatsApp Video. Mume wangu alishajaribu mwenyewe kufuata maelekezo ya video moja ya zamani mtandaoni, akalikuta lile folda la nje halina kitu, na ndo lilimthibitishia kwamba zimefutika. Kumbe maelekezo yale ni ya kabla ya kuhama. Simu yetu iliapdeti ikahamisha na sisi hatukuambiwa na mtu.

Hata hivyo tulipofika WhatsApp Video ya mahali papya bado hatukuiona. Kulikua na video nyingi, za harusi, za mahubiri, za mapishi, ya kiwanja hamna. Mwanangu akaniuliza, "Mamdogo lile grupu uliliseti media zisionekane galari?" Nikakumbuka. Niliweka hivyo mwenyewe maana kila asubuhi zilikua zinaingia video za salamu na maua mpaka picha za wanangu sizioni. Basi akaniambia ukiweka hivyo WhatsApp haikatai kuhifadhi, inahifadhi vizuri tu ila inaziweka kwenye folda la pembeni humo humo ndani linaloitwa Private, na ndani ya hilo folda kuna kifaili kidogo kilichofichwa kinaitwa .nomedia, kazi yake ni kuiambia galari isiangalie humu. Na nilivyofuta chati sikuweka tiki kwenye ile sehemu ya kufuta na media, kwa hiyo meseji zilienda video zikabaki.

Akagusa Private. Jamani. Mistari na mistari ya video. Hapo nikajifunza kitu kingine, majina. Video ya kamera ya simu nyingi inaanza na VID, mstari wa chini, halafu mwaka mwezi tarehe na saa. Ya WhatsApp inaandikwa mfano VID-20220813-WA0004, ile WA ndo inakuonyesha imetoka WhatsApp. Tukatafuta 20220813, hakuna hata moja. Moyo ukashuka tena. Mume wangu ndo akakumbuka kwamba shemeji hakutuma siku ile ile, Chanika network ilisumbua, alituma kesho yake Jumapili akiwa kwake. Na jina la faili la WhatsApp linafuata siku video ilipoingia kwenye simu yako, siyo siku iliporekodiwa. Tukashuka mpaka 20220814. Zipo tatu zimefuatana, WA0007, WA0008 na WA0009, maana enzi hizo WhatsApp ukituma video ilikua mwisho MB 16 kwa hiyo shemeji aliikata vipande.

Nikagusa ya mwisho. Kwanza upepo kwenye spika, halafu mguu wa mzee na ile ndala yake ya bluu, halafu mkono kwenye mnazi. "Huu wako mwanangu." Nililia, siwafichi, na siyo kwa ajili ya kiwanja peke yake, nilikua nimeshasahau sauti yake ilivyo.

Sasa nirudi kwenye aplikesheni yenyewe. Ninachokipenda kuliko vyote ni kwamba ukigusa vile vidoti vitatu pembeni ya faili ukachagua File info, inakuandikia njia nzima ya mahali faili lilipo, ukubwa wake na tarehe. Hakuna kubahatisha. Pia ukichomeka flashi ya OTG kwenye simu inaiona, unakopi moja kwa moja bila kompyuta, sisi tulifanya hivyo usiku ule ule, flashi nilinunua Msimbazi zamani kwa ajili ya nyimbo. Ila unapokopi chagua kukopi, usichague kuhamisha, ili simu ibaki na yake. Na kuna sehemu ya kutafuta ambayo unaandika hata kipande cha jina.

Pale ambapo mtu mgeni atakwama ni hapa. Ukiingia kwenye Videos ile ya ukurasa wa mbele, vitu vya Private haikuonyeshi, inaheshimu lile .nomedia kama galari inavyoheshimu. Lazima ushuke chini kwenye Internal storage uingie folda kwa folda kwa mkono. Ningekua peke yangu ningeishia Videos nikaamini hakuna. Pia ile sehemu ya Clean inakupendekezea vitu vya kufuta ili upate nafasi, ni nzuri kwa simu iliyojaa, ila soma kila kimoja kabla hujakubali maana yenyewe haijui kipi kina thamani kwako. Ukikosea ukafuta, kimbilia Trash ya humo humo, vinakaa siku 30 ndo vinaondoka. Wanaotumia Google Photos nao wana Trash yao, iliyokua imeshapanda mtandaoni inakaa siku 60.

Na folda inayoitwa data iliyoko ndani ya Android usihangaike nayo, kuanzia Android 11 imefungwa, ukikuta haifunguki simu yako haina ubovu.

Jumamosi tukaenda ofisi ya mtaa. Mwenyekiti akaiweka simu katikati ya meza, tukasogea wote, yule jirani mpya pia, mtu mzima mwenye heshima zake, nae alikua amedanganywa na dalali aliyemuuzia. Vipande vyote vitatu vikapigwa kwa mpangilio. Kilipofika cha mnazi jirani akasema "rudisha hapo". Mwenyekiti akarudisha. Jirani akasogeza miwani akaangalia mstari wa minyaa nyuma ya mkono wa mzee, akahesabu kwa kidole, akanyamaza kidogo, akauliza jina la faili lile maana yake nini. Nikamweleza mimi mwenyewe, hii ni tarehe iliyoingia kwenye simu yangu, 14 mwezi wa nane 2022, kurekodiwa ilikua siku moja nyuma. Akasema Jumatano twende na mafundi wake tukapime, msingi atausogeza, ila na yeye anaomba hizo video azipeleke kwa dalali wake.

Nikamtumia pale pale, nikachagua kutuma kama dokumenti ili isipungue ubora. Flashi iko ndani ya bahasha moja na karatasi ya mauziano, na juu ya bahasha mume wangu ameandika majina ya yale mafaili matatu kwa kalamu.