Dola 46 kwenye jimbo la 13 la California: uzoefu wangu

Shemeji yangu aliyeko Mwanza aliponiuliza kama nimeanza kubeti wabunge wa Wamarekani, nilikataa. Nikamwambia hili ni soko la utabiri, watu wananunua na kuuziana mikataba ya nani atashinda, si mkeka. Sasa nimeshatoka, na naona hakuwa mbali na ukweli.

Ilikuwa Oktoba 2024. Mahakama ya rufaa ya Washington ilikuwa imekataa kuizuia Kalshi, kampuni ya Marekani yenye soko la namna hiyo, isiuze mikataba ya uchaguzi, na ghafla kila mtu kazini ana soko la utabiri kwenye simu. Nililojiunga mimi silitaji jina. Kujiandikisha ni dakika chache: kitambulisho, picha ya uso, akaunti ya benki. Hapo sina lawama.

Unanunua mkataba wa chama kitakachoshinda. Kikishinda unalipwa dola 1, kikishindwa umeliwa. Kwa hiyo bei ya senti 46 maana yake soko linakipa chama hicho nafasi 46 kwa 100. Na tofauti na mkeka, si lazima usubiri mpira uishe. Ukitaka kutoka, unauza. Ndivyo wanavyosema.

Nilichagua jimbo la 13, la huko Merced, kwa sababu mwaka 2022 John Duarte wa Republican alimshinda Adam Gray wa Democratic kwa kura 564 tu, na sasa walikuwa wanarudiana walewale. Nikanunua mikataba 100 ya Democratic kwa senti 46.

Usiku wa uchaguzi Duarte akatangulia. California huhesabu taratibu; kura ya posta yenye muhuri wa siku ya uchaguzi inapokelewa hata ikifika siku saba baadaye. Nililijua hilo vizuri kabisa, na bado tumbo lilikuwa joto kila nikifungua simu kabla ya zamu.

Siku niliyoamua kuuza ndipo nilipolijua soko lenyewe. Kwenye skrini bei inasomeka senti 29. Nabonyeza kuuza: mnunuzi wa juu kabisa anatoa 21, tena anataka mikataba 60 tu. Muuzaji wa bei ya chini anadai 37. Ile 29 ni katikati ya watu wawili wasiokutana, hakuna aliyeilipa! Urais una wanunuzi usiku kucha. Kiti kimoja kati ya 435 cha Baraza la Wawakilishi, unakaa na oda yako kama muuza maandazi mchana wa Ramadhani. Nikaachia 60.

Mwishoni mwa Novemba Gray akapita mbele, na tarehe 3 Desemba Duarte akakubali kushindwa, kwa kura 187. Mikataba 40 iliyobaki ikanipa dola 40, ila baada ya siku kadhaa za kuandikiana na roboti ya huduma kwa wateja, iliyokuwa ikinirudishia masharti yaleyale niliyokuwa nayauliza. Jumla dola 52.60. Toa ada, faida haikufika dola 5. Ningetulia, faida ingekuwa 54 kabla ya ada.

Kuuza kwa woga ni kosa langu. Kuandika bei ya katikati kwa herufi kubwa, huku bei ya kuuzia imefichwa kurasa mbili ndani, ni lao. Nyota mbili.

Anayelitaka jimbo hilo mwaka 2026 asipige hesabu kwa hizi namba zangu. Mipaka imechorwa upya baada ya kura ya maoni ya Novemba 2025; zile kura 187 zilihesabiwa kwenye ramani ambayo haitumiki tena.