Kisiwa cha Lamu kwa miguu: Shela, Kipungani na njia ya Matondoni

Nimezitembea njia kubwa za miguu za kisiwa cha Lamu, na mtu akiniuliza aanze na ipi, namwambia ya Matondoni, kijiji cha mafundi wa majahazi. Wengi hushangaa. Kila mgeni anayeteremka gatini huelekezwa Shela, na picha zinazosambaa mitandaoni karibu zote ni za Shela: mchanga mweupe, bahari, mwangaza wa jioni. Shela ni pazuri kweli, na nitapaeleza. Lakini ukitaka kutembea na kukiona kisiwa kinavyoishi, kinakula nini, kinafanya kazi gani, kinapumzika wapi, basi njia ni ile inayokatiza mashamba kuelekea upande wa pili.

Kabla ya njia yoyote, jua habari za maji. Huku huulizi kwanza ni saa ngapi, unauliza maji yako wapi, yanajaa au yanakupwa. Nyakati hizo husogea mbele kila siku kwa karibu dakika 50, kwa hiyo ratiba ya rafiki yako aliyekuja wiki jana haikufai kitu. Siku za bamvua, mwezi ukiwa mchanga au mpevu, bahari hujaa sana na kupwa sana. Siku za maji mafu tofauti huwa ndogo na ufuo haubadiliki sana. Muulize mvuvi au nahodha yeyote pale gatini, atakujibu bila kutazama popote.

Njia ya kutoka mji wa kale hadi Shela ni kama kilomita tatu. Unaondoka gatini na bahari iko kushoto kwako, kisiwa cha Manda kikikutazama ng'ambo, na kwa mwendo wa kawaida saa nzima haiishi kabla ya kufika. Mwanzo wake una shughuli nyingi: mashua zinapakua, punda wamebeba mawe ya kujengea, watoto wanaruka majini. Mbele kidogo kelele zinapungua na unabaki na ufuo. Maji yakiwa yamekupwa unatembea juu ya mchanga mgumu kwa raha. Yakijaa, kuna sehemu ufuo unamezwa wote, nawe itabidi uvue viatu upite majini au upande njia ya juu nyuma ya majengo. Mimi napendelea kutoka alfajiri baada ya sala, siku ambazo maji yanakupwa asubuhi. Jua bado halijakali, na wanaotoka Shela kwenda mjini kazini mnapishana nao mkisalimiana.

Sehemu hii ya ufuo ina historia ambayo natamani kila apitaye aijue. Mwanzoni mwa karne ya 19, majeshi ya kisiwa jirani cha Pate, yakisaidiwa na Wamazrui, ukoo uliotawala Mombasa, yalishuka Shela kuja kuipiga Lamu. Watu wa Lamu waliyashinda, na katika kurudi nyuma maji yalikuwa yamekupwa, vyombo vimekwama mchangani, hakuna pa kukimbilia. Waliouawa pale walikuwa wengi. Baada ya ushindi huo watu wa Lamu, wakihofia kulipiziwa kisasi, walimwomba Sayyid Said wa Oman awalinde, na Ngome ile unayoiona katikati ya mji ikakamilika mwaka 1821. Ukipita hapo maji yakiwa mbali, mashua zimelala ubavu, unaelewa mara moja vita vile viliishaje.

Shela yenyewe sitaipigia debe, ina wapambe wa kutosha. Nenda utazame Msikiti wa Ijumaa na mnara wake uliochongoka. Ulijengwa mwaka 1829. Halafu endelea na safari.

Baada ya Shela unaanza ule ufuo mrefu wa kama kilomita 12 unaopinda kuelekea Kipungani, bahari kuu upande mmoja, vilima vya mchanga upande wa pili. Kwa mtu anayependa kutembea hii ni neema. Unaweza kwenda saa nzima bila kukutana na mtu. Lakini ni safari ya kujiandaa: hakuna kivuli, hakuna duka, hakuna pa kupata maji. Beba maji mengi kuliko unavyodhani yatakutosha, na kofia au mtandio. Msimu wa kusi, upepo wa kusini, upepo unakuja kutoka baharini na kukurushia mchanga usoni, na mawimbi huwa makubwa; sikushauri kuoga huko peke yako. Kaskazi, msimu wa upepo wa kaskazini, ni tulivu zaidi, ila joto lake si dogo. Mimi huchagua siku ambayo maji yanaanza kukupwa wakati naondoka Shela, nikapata mchanga mgumu njia nzima. Ukilazimika kutembea kwenye mchanga laini wa juu, vifundo vya miguu vitakuuma hata kabla ya nusu ya njia.

Sasa hapa nina neno la moyoni kuhusu vile vilima. Watu huvipanda, huteleza navyo, hupiga picha juu yake, nami sina ubaya na hilo mradi usiharibu majani yanayoushika mchanga. Kinachoniuma ni kuta na nyumba mpya ninazoziona zikisogea juu ya vilima mwaka hadi mwaka. Vilima hivi ndivyo tangi la maji la kisiwa. Mvua ikinyesha, maji huzama mchangani na kukaa chini, juu ya maji ya chumvi kwa kuwa maji matamu ni mepesi zaidi, na hayo ndiyo yanayonywewa Lamu na Shela. Mchanga ukichotwa, ukijengewa, ukichimbiwa vyoo, tangi hilo huchafuka au chumvi hupanda. Mwenyeji wa Shela haambiwi haya, anayajua tangu utotoni. Ni sisi wageni tunaopaswa kuyajua, hasa wale wanaokuja na hela za kununua kiwanja.

Kipungani ni kijiji kidogo mwisho wa njia hiyo. Nilipofika nilikaribishwa na kina mama waliokuwa wamekaa barazani wakisuka. Mmoja wao alikuwa na ukili mrefu uliozunguka miguu yake na kutoka hadi uani. Nilipotaka kupita mbele yake akaniambia, "Usiukanyage ukili, mwanangu. Pita nyuma yangu, kisha ukae kitako." Nikakaa. Vidole vyake havikusimama hata alipokuwa akinihoji nimetoka wapi na mama yangu hajambo. Miyaa, majani ya kusukia, inakaushwa, inapasuliwa nyembamba, mingine inatiwa rangi, ndipo inasukwa kuwa ukili. Ukili unapimwa kwa pima, mikono miwili iliyonyooshwa, na ukishatosha unashonwa kwa kuzungushwa hadi mkeka unatokea. Nilinunua mkeka wa kuswalia, na bei aliyoitaja sikuona haja ya kubishana naye, kwa kuwa nilikuwa nimeona kazi iliyoingia humo. Ukienda, nunua kwao moja kwa moja.

Turudi Matondoni.

Njia hii unaianzia nyuma ya Ngome. Unapanda na vichochoro vya mji wa kale, ule mji ambao UNESCO iliuingiza katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 2001, mpaka nyumba za mawe zinaisha na zinaanza za udongo na makuti, kisha nazo zinaisha. Kutoka hapo ni mchanga, minazi, miembe, mikwaju na mikorosho. Kwa mwendo wa kawaida ni kama saa mbili. Mara ya kwanza nilikwenda na shangazi yangu, ambaye magoti humsumbua, na njia hii aliimudu kwa kuwa ina kivuli na kila baada ya kitambo kuna mti wa kukaa chini yake. Ile ya Kipungani nisingemthubutishia.

Tulichukua kijana wa mjini atuongoze, na nashauri kila mgeni afanye hivyo. Hakuna vibao, na njia inagawanyika mara nyingi; punda wameifungua kila upande. Tulipatana bei kabla ya kuondoka, tukapatana pia kama ni kwenda tu au kwenda na kurudi, na hilo lilituepusha na mazungumzo magumu baadaye. Lakini thamani yake kubwa haikuwa kutuonyesha njia. Aliwajua wenye mashamba. Kila tulipopita aliita salamu kwa sauti, akajibiwa kutoka nyuma ya miti na mtu ambaye hata hatukumwona. Uelewe kwamba hapa hupiti katika bustani ya umma, unapita katika riziki za watu. Embe lililoanguka lina mwenyewe, nazi vilevile. Tulipewa madafu na mzee mmoja aliyekuwa akipalilia, akakataa katakata kupokea pesa, mpaka shangazi alipompa kashata alizokuwa amebeba, akazipokea kwa furaha. Shangazi anajua mambo haya kuliko mimi.

Dosari ya njia ni ile sehemu ya mwanzo ukishaondoka tu mjini. Taka zimetupwa kando ya njia, mifuko imenasa vichakani, na siku za joto harufu yake hukaa puani. Ni mwendo mfupi, lakini unaudhi, na naamini ukisafishwa watu wengi wangeendelea mbele badala ya kugeuka. Pikipiki nazo zinapita siku hizi, sikilizeni na mjibane pembeni.

Unajua umekaribia Matondoni kwa kusikia nyundo. Hiki ndicho kijiji cha mafundi wa majahazi. Siku tuliyofika kulikuwa na mashua moja mpya iliyosimamishwa kwenye magogo, mataruma, yaani mbavu zake, bado yanaonekana ndani, na jahazi kuukuu lililopandishwa kutengenezwa. "Kazi njema, mafundi," kijana wetu aliwaita. "Njema. Karibuni kivulini, na bibi apewe pa kukaa." Shangazi akaletewa kigoda.

Tulitazama kwa muda mrefu. Hakuna mchoro wa karatasi, kipimo kimo machoni na mkononi mwa fundi. Mmoja alikuwa akichonga ubao kwa tezo, anaupeleka ubavuni mwa chombo, anautazama, anaurudisha, anatoa ganda jembamba tena, mpaka ubao ukalala mahali pake bila nafasi. Mwingine alikuwa na keekee, anavuta upinde wake mbele na nyuma na ncha inazama mtini, unga wa mbao ukimwagika juu ya mguu wake. Kwenye lile jahazi kuukuu vijana wawili walikuwa wakitia kalafati: pamba inalowekwa mafuta, inasokotwa, inapigiliwa kwa patasi ndani ya nyufa baina ya mbao, taratibu, shimo kwa shimo, maana sehemu moja ikirukwa chombo kitavuja. Nilimwuliza fundi mkubwa mashua ile itachukua muda gani kumalizika. Akasema inategemea mwenyewe, akileta mbao na pesa kwa wakati itamalizika kwa wakati, akichelewa nayo itamngoja. Kwa hapa na pale pwani vyombo vya fibaglasi vimeingia kwa wingi, na mafundi hawa wanalijua hilo. Watoto wao bado wanakaa pembeni wakipiga misumari iliyopinda kuinyoosha, na mimi naliombea hilo lidumu.

Omba ruhusa kabla ya kupiga picha. Waliturudishia jibu la ndiyo kwa upesi, ila mzee mmoja hakupenda, tukaiweka simu mfukoni alipokuwa mbele yetu. Na kwa mavazi, wanaume na wanawake, jisitirini: huko si ufukweni, ni kijijini kwa watu. Ukiwa mgeni wa Ramadhani, maji yako unywe pembeni.

Kama una siku ya ziada na miguu bado inataka, vuka Manda uende magofu ya Takwa. Mji ule uliishi watu karne ya 15 hadi ya 17, na wenyeji wa Shela wanasema asili yao iko huko. Kaburi lake la nguzo bado linaheshimiwa. Kutembea ndani ya magofu ni kufupi lakini kutamu, mibuyu imeota baina ya kuta. Mashua huingia kwa mkondo wa mikoko maji yakijaa tu, hivyo siku ya Takwa na siku ya ufuo wa Kipungani hazifanani.

Kurudi kutoka Matondoni, tulipanda mashua. Kwa wenye magoti mabovu au watoto ndiyo namna bora: unakwenda kwa miguu asubuhi, unarudi kwa tanga ukipita kando ya mikoko, na korongo wamesimama matopeni wakivua. Ila mzungumze na nahodha mara tu mnapofika kijijini, kabla hamjakaa kutazama mafundi, na mwulize yeye saa ya kuondoka badala ya kumwambia yenu. Sisi alitupa saa nane kamili, na saa nane kasorobo akawa tayari majini ameshika kamba, kwa kuwa mkondo wa pale ukishapungua maji mashua hukaa kitako mpaka usiku.