Mkanda mmoja kifuani, michezo mitatu: mbio, baiskeli na judo

Niseme mapema ili asiye na muda aende zake: kama mazoezi yako ni mbio na baiskeli tu, mkanda wa kifuani wa kupima mapigo ya moyo utakufaa kuliko saa ya mkononi, tena kwa mbali. Kama unacheza judo, au mchezo wowote wa kushikana na kubwagana, subiri kwanza. Habari yake ni ndefu.

Mimi ni mwanamke wa miaka 43, nina mkanda wa kahawia kwenye judo, nakimbia bila haraka, na baiskeli naipenda zaidi njia inapopanda kuliko inapoteremka. Kazi yangu ni ya kukaa kitini kutwa, kwa hiyo saa chache za mazoezi nilizo nazo sitaki zipotee bure. Ndiyo sababu niliutafuta mkanda huu. Chapa siitaji, maana ukiwa umeuona mmoja umeiona mingi: utepe unaovutika, wenye vipande viwili vya mpira unaopitisha umeme upande wa ndani, na kidude cha plastiki kinachobanwa katikati kwa vifungo viwili kama vya koti la mvua. Ndani ya kidude mna betri bapa ya duara, aina ya CR2025 au CR2032.

Kazi yake haina uchawi. Moyo kila unapopiga hutoa umeme mdogo sana unaofika hadi kwenye ngozi, na mkanda unausoma hapo. Ni umeme ule ule ambao Mholanzi Willem Einthoven aliunasa kwa mashine iliyojaza chumba mwanzoni mwa karne ya 20, akapewa Tuzo ya Nobel mwaka 1924. Mwaka 1982 kampuni ya Polar ya Finland ikaingiza sokoni kipimo kisicho na waya, na mwanamichezo akaanza kuuona moyo wake akiwa barabarani. Saa ya mkononi hufuata njia nyingine. Inamulika ngozi kwa taa ya kijani, kisha inakadiria mapigo kwa kuangalia mwanga unaorudi, maana damu hunywa rangi hiyo, na kiasi chake kwenye ngozi hubadilika kwa kila pigo. Ukiwa umetulia, saa nzuri haikosei sana. Matata huanza mkono unapotikisika.

Kwenye mbio tofauti niliiona mara moja. Miguu yangu hupiga hatua 170 hivi kwa dakika. Saa, ikishindwa kutenganisha mtikisiko wa hatua na mdundo wa damu, ilikuwa inanyakua hatua na kuniambia ndiyo mapigo. Nakimbia polepole, napiga soga na mwenzangu bila kukata pumzi, na kioo kinaandika 171! Mkanda siku hiyo hiyo, mahali hapo hapo, ulisoma 138. Kwa anayekimbia kwa kujifurahisha hilo si kitu. Kwa anayetaka kujua kama siku yake nyepesi ni nyepesi kweli, saa ya namna hiyo ni bora abaki anaangalia muda tu.

Mkanda nao una vituko vyake. Ukiuvaa mkavu, dakika za mwanzo unaweza kusoma 60, mara 210, mara kimya. Ile mipira inahitaji unyevu ili ishike umeme wa moyo, na fulana ya sintetiki ikisuguana na kifua kikavu huzalisha umemetuli unaovuruga kila kitu. Lowesha kwa maji kabla ya kuvaa. Wengine hutumia mate, na sioni ubaya wowote, mradi mkanda ni wako. Jasho likishaanza kutoka, unasoma bila kelele mpaka mwisho.

Akina dada, hili hamtaambiwa na wauzaji: ukingo wa chini wa sidiria ya michezo hukaa pale pale mkanda unapotakiwa kukaa. Ukiuweka chini ya ukingo, unateleza kuelekea tumboni. Ukiuweka juu yake, hauigusi ngozi. Nilichoona kinafaa ni kuuingiza ndani ya ukingo wenyewe, sidiria iukandamize, kisha kulegeza utepe kidogo kuliko maelekezo yanavyosema. Kwa mbio ndefu pakaa mafuta mazito mahali utepe unapopinda chini ya kwapa. Usipakae kwenye mipira.

Kwenye baiskeli starehe ni kubwa zaidi, kwa sababu huna haja ya kuinua mkono kutazama. Kidude kinatuma habari kwa ANT+, mawasiliano ya redio ya vifaa vya michezo, hadi kwenye kompyuta ndogo iliyofungwa kwenye usukani, na kwa Bluetooth hadi kwenye simu iliyo mfukoni, kwa wakati mmoja. Kasoro ndogo ni kwenye miteremko mikali: fulana iliyolegea ikipepea kwa upepo, namba huruka. Fulana ya kubana huimaliza shida hiyo.

Ila lazima uelewe unachosoma. Moyo wangu kwenye baiskeli hauendi juu kama kwenye mbio. Nikijikamua kwa kila nilicho nacho kwenye mlima mrefu, kilele changu cha baiskeli kiko chini ya kile cha mbio kwa mapigo manane hivi. Wengi wako hivyo, kwa sababu siti imebeba uzito wa mwili na misuli inayofanya kazi ni michache. Ukichukua viwango vya mapigo ulivyoviweka kwa ajili ya mbio ukavihamishia kwenye baiskeli, safari utakayoiita nyepesi itakutoa ulimi. Programu nyingi zinakuruhusu kuweka viwango vya kila mchezo peke yake. Fanya hivyo siku ya kwanza.

Jambo jingine ni kuchelewa. Kilima cha nusu dakika unakimaliza kabla moyo haujapanda, na namba kubwa unaiona ukiwa umeshaanza kuteremka. Kwa mazoezi ya vipande vifupi vya kasi mkanda hausaidii kujipima. Tumia pumzi na miguu. Na kwenye safari ndefu ya jua kali, mapigo yatapanda pole pole ingawa unakanyaga pedeli kwa nguvu ile ile. Mwili unapoteza maji, damu inapungua ujazo, nyingine inakimbilia kwenye ngozi kupoza joto, basi kila pigo linasukuma damu kidogo na moyo unafidia kwa kupiga mara nyingi. Mtu asiyejua hilo atadhani mazoezi yamemrudisha nyuma.

Sasa judo.

Mwalimu wangu aliuona mkanda nikiwa nafunga judogi, yaani vazi la judo, akakinyooshea kidole kile kidude. "Hicho kibaki na viatu vyako." Hakuongeza neno, na haki ilikuwa yake. Sheria za mashindano za Shirikisho la Kimataifa la Judo zinakataza kuvaa kitu chochote kigumu au cha chuma, kiwe wazi au kimefunikwa, na sababu utaielewa mara moja ukiwahi kulaliwa kifua kwa kifua na mtu wa kilo 90 katika kesa-gatame, mbinu ya kumbana mtu chini. Kipande kigumu cha plastiki juu ya mfupa wa kifua, chini ya mzigo huo, kitakuumiza wewe, na kitamuumiza mwenzako ubavuni. Mkanda wa kuvaa mkononi, juu ya kiwiko, haukwepi sheria hiyo: nao una kidude kigumu, tena uko pale pale mpinzani anapokamata mkono wa judogi.

Kwa hiyo kwenye randori, yaani mapambano ya mazoezi, na kwenye kazi ya chini, mkanda hautumiki. Nimekubaliana na mwalimu kuuvaa wakati wa kupasha mwili moto na kwenye uchikomi tu, pale unapoingia na kutoka kwenye mtupo mara nyingi bila kumwangusha mwenzako. Napo unahama. Judogi inavutwa, inauvuta na utepe, na ukimaliza unaukuta umefika kiunoni. Kabla ya mazoezi ya kudondoka nauvua.

Lakini hata kwa matumizi hayo machache ulinionyesha jambo. Kwenye uchikomi ya nguvu mapigo yangu hufika 165, kiwango ambacho kwenye mbio huniachia maneno mawili matatu tu mdomoni, ilhali hapo mkekani sijasogea mita tano. Sehemu kubwa ya sababu ni kukamata. Misuli ya mkono inayokaza kola bila kulegea huibana mishipa ya damu iliyomo ndani yake, shinikizo la damu linapanda, na moyo unaenda kasi kuliko hewa ambayo mwili unaihitaji. Maana yake, 165 ya mkekani si 165 ya barabarani, na anayejumlisha dakika za michezo yote mitatu kana kwamba ni kitu kimoja anajidanganya. Programu yangu hujumlisha hivyo kila wiki na kunitolea hesabu yenye rangi nzuri. Siitazami.

Kwa randori nimerudi kwenye njia ya bure: mara pambano linapokwisha, vidole viwili shingoni, hesabu mapigo kwa sekunde 15, zidisha kwa nne. Kisha rudia baada ya dakika moja. Nikiona yameshuka vizuri, naomba pambano jingine. Yakigoma, nakaa pembeni.

Ukiniuliza mkanda umenifaidia wapi zaidi, nitakuambia ni kwenye kunizuia. Mtu wa judo anapoanza kukimbia huja na tabia ya mkekani: kila zoezi ni vita. Stephen Seiler, mtafiti anayefanya kazi Norway, aliangalia wanamichezo wakubwa wa mbio, baiskeli, makasia na kuteleza kwenye theluji wanavyojipanga, akakuta takriban asilimia 80 ya vipindi vyao ni vya taratibu. Kusoma hilo ni rahisi. Kulitii, asubuhi ya baada ya judo, ukiwa unakimbia na mapigo yamefika 145 kwenye kilima kisicho na maana yoyote, ndiyo kazi. Mkanda ukilia natembea. Nimewahi kupitwa na mzee mwenye mbwa, naye akanipa pole. Hata hivyo kwa mapigo yale yale 140 sasa nakimbia kilomita kwa dakika sita na nusu, wakati awali ilikuwa saba na ushei, na jioni za judo nafika nikiwa na miguu.

Tahadhari moja kuhusu hivyo viwango. Kifaa kitakuuliza umri, kisha kitatoa umri huo kwenye 220 na kukutangazia kilele cha moyo wako. Kanuni hiyo ilianza kuenea miaka ya 1970. Ile ya Tanaka na wenzake ya mwaka 2001 inasema 208 kutoa umri mara 0.7. Kwangu mimi ya kwanza inatoa 177, ya pili 178, na mkanda kwenye mlima mrefu wa mbio umesoma 189 bila kuyumba. Hakuna kasoro kwenye mkanda wala kwangu. Kanuni hizo ni za wastani wa watu wengi, na mtu mmoja mmoja anaweza kuwa juu au chini kwa mapigo zaidi ya kumi. Ningezifuata, siku zangu nyepesi zingekuwa za kusinzia. Kwa mwenye kilele cha 165, zingekuwa za mateso.

Na wapo wasiohitaji kifaa hiki. Anayeanza kabisa, anayetafuta zile dakika 150 hadi 300 kwa wiki za mwendo wa wastani ambazo Shirika la Afya Duniani lilizipendekeza mwaka 2020, ajipime kwa mdomo: akiweza kuongea lakini hawezi kuimba, yuko mahali pake. Anayetumia dawa za kupunguza kasi ya moyo asifuate viwango vya programu yoyote, kwa kuwa dawa zenyewe zinaushikilia moyo chini. Mwenye kifaa cha kuendesha mapigo kilichopandikizwa kifuani aanze kwa daktari wake.

Utunzaji ni mfupi. Bandua kidude kwenye utepe kila ukivua, kwa sababu kikiwa kimebanwa kwenye utepe wenye unyevu hudhani bado kimevaliwa na kinakula betri usiku kucha. Suuza utepe kwa maji, ufue kwa sabuni laini mara kwa mara, usiuanike juani. Chumvi ya jasho ndiyo inayoua ile mipira. Usomaji ukianza kuyumba hata baada ya kubadili betri, mara nyingi kilichochoka ni utepe peke yake, na huuzwa bila kidude.

Alama zangu: mbio tano kati ya tano, baiskeli nne na nusu, judo mbili, na hizo mbili ni za uchikomi. Unaponunua hakikisha kina ANT+ na Bluetooth pamoja, na kwamba Bluetooth yake inaunganishwa na zaidi ya kifaa kimoja, kwani vya zamani vingi hushika kimoja tu na kukataa cha pili. Kama unakusudia kukitumia mkekani, tafuta chenye kumbukumbu ya ndani, maana simu haikai kwenye judogi. Na ukikuta ambacho kidude chake hakibanduki kwenye utepe, kiache hapo hapo dukani.